Ukumbi umejaa, lakini hakuna anayecheza tena

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 33, mzaliwa wa Mburahati hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ni mitambo ya muziki. Nilianza nikiwa na miaka 16, nasukuma guta lililobeba spika kwenda kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za kukesha, vya Manzese, Tandale na Kigogo, halafu nakesha nimekaa juu ya sabufa nalinda nyaya zisikanyagwe. Singeli, huu muziki wa kasi wa mitaa ya Dar, nimekua nayo. Mwaka 2018 nilipata bahati ya kufuatana na vijana wetu hadi Jinja, Uganda, kwenye tamasha la Nyege Nyege, nikaona watu wa mataifa nisiyoyajua wanacheza biti zilizopikwa mtaani kwetu. Siku ile machozi yalinitoka.

Tuliporudi, mimi na rafiki yangu ambaye nimesoma naye tangu darasa la tatu tukaanzisha usiku wetu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye ghala la zamani kando ya Barabara ya Nyerere. Hapakuwa na jukwaa. DJ alikaa chini na kompyuta yake juu ya meza ya plastiki, MC anazunguka na maiki katikati ya watu, taa moja nyekundu, basi. Vijana wa studio walileta biti ambazo hazijatoka, mapigo 250 kwa dakika, nyingine zinakaribia 300, wanazijaribu kwetu kwanza. Tulikuwa watu 80, tukizidi sana 100. Kiingilio shilingi 3,000.

Kuna mama mmoja, mama ntilie wa nyuma ya ghala pale. Akishafunga jiko lake anakuja na kanga kiunoni, anasimama pembeni ya sabufa ya kushoto, anaweka kiganja juu ya boksi la mbao na kufumba macho. Siku moja nilimuuliza anafanya nini. Akanijibu, "Nasikiliza kwa mkono, mwanangu. Masikio yamechoshwa na wateja." Baada ya kama robo saa mabega yanaanza, kisha kiuno, na akishaanza hakuna kijana wa kumfikia. Shangazi, mimi nilikuwa naseti besi kwa kumwangalia yeye. Akiondoa mkono kwenye boksi, najua nimezidisha.

Mwaka juzi mambo yakabadilika. Kuna klipu niliiweka kwenye ukurasa wetu, ikatazamwa kupita kiasi, na baada ya miezi miwili tukawa watu 350. Nilifurahi, sitasema uongo. Lakini watu hawa hawachezi. Wanaingia saa sita, wanasimama wamempa DJ mgongo, wanapiga stori kwa kupayuka ili washindane na spika. Wanakuja mezani kuomba amapiano, ule muziki wa taratibu wa Afrika Kusini. Akitokea mtu akajiachia, hapo hapo anazungukwa na simu 20 zenye taa. Na wachezaji wenyewe wameshaizoea hiyo: taa zikiwaka wanakata mauno, zikizimwa wanasimama wanauliza, "Umenipata vizuri?" Mama ntilie haji tena. Wale wa mwanzo wakija wanakaa ukutani, saa saba wameshaondoka.

Kilichonivunja moyo kabisa ni cha mwezi wa sita. Kuna binti fundi cherehani, tumekuwa naye tangu usiku wa kwanza. Mtu alimrekodi kwa nyuma akicheza, akairusha klipu na maneno machafu juu yake. Ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hadi kwa kaka yake. Binti akanyang'anywa simu, akapelekwa kwa bibi yake Mkuranga. Kabla hajaondoka alinipigia kwa simu ya jirani. "Kaka, mimi kule kwenu nilikuwa najiona niko nyumbani." Nikasema pole. Simu ikakatika.

Rafiki yangu anaona tunapiga hatua. Kodi ya ghala imepanda, ana watoto wawili wa shule, na kuna kampuni ya vinywaji iko tayari kutudhamini tukiweka meza za VIP na jukwaa. Kiingilio kimefika 15,000. Mimi nataka simu zipigwe marufuku, watu wapunguzwe, aingie anayejulikana tu. Wiki ya tatu sasa hatuongei ila kuhusu pesa. Nimefikiria kumwachia kila kitu nirudi kwenye guta langu.

Nisaidie, Shangazi. Je, ni wivu? Nimezeeka? Nina haki gani ya kumpangia mtu aliyelipa kiingilio namna ya kustarehe?

Fundi Mitambo, Dar es Salaam

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nilikwama kwenye kile kiganja cha mama ntilie juu ya boksi.

Nikikuelewa vizuri, umenifungia mizigo mitatu kwenye kamba moja. Kuna ukumbi uliobadilika, kuna rafiki mnayevutana naye, na kuna binti aliyeumizwa. Umeandika sana juu ya ukumbi, ukamgusa rafiki, na binti ukamaliza na "simu ikakatika". Nitaanza na huyo, maana wa kwanza na wa pili wanaweza kusubiri mwezi ujao.

Je, umemtafuta tangu siku ile? Sikuulizi kwa kukulaumu. Najua mwanamume akimtafuta binti ambaye familia imeshamkasirikia anaweza kumwongezea moto. Pengine kuna dada yenu yeyote wa ule usiku wa kwanza anayeweza kufika Mkuranga kwa jina la urafiki tu, akamsalimu bibi, akamuuliza binti mwenyewe anataka nini. Anaweza kutaka klipu iondolewe kila inapoweza kuondolewa. Anaweza kutaka kushtaki: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa unyanyasaji wa mtandaoni, ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Anaweza pia kutaka jambo hili life kimyakimya, na hilo nalo ni lake. Kesi huiamsha klipu iliyokwisha kusahaulika, na kaka mwenye hasira hapoi kwa kuitwa kituoni. Mnachoweza kufanya bila kumsubiri ni kupitia ukurasa wenu na kuondoa picha yoyote yake, hata ile mliyoiweka kwa mapenzi.

Sasa ukumbi.

Unaniandikia kana kwamba pale mwanzo palikuwa peponi, wageni wakaja kupachafua. Mimi vigodoro navifahamu, mwanangu. Nimeishi nyumba ya tatu kutoka panapopigwa. Niliona furaha unayoisema, na niliona pia mabinti wanavyoshikwashikwa gizani, ngumi za saa tisa usiku, na klipu za akina dada wakicheza zilizokuwa zikihamishwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth kabla hatujaijua WhatsApp. Ule usiku wenu wa watu 80 ulikuwa salama, naamini. Lakini ulikuwa salama kwa sababu mlijuana. Mtu akimgusa binti vibaya, mama ntilie anamjua mama yake. Watu 350 hawana mama yao pale ndani. Nadhani hicho ndicho kilichopotea, na kingeweza kupotea hata kama wote wangekuwa wa Mburahati na hakuna hata mmoja mwenye simu.

Kuna kitu kingine nataka tukitazame pamoja. Hao wanaosimama na kupiga stori, unajua wanaogopa nini? Mapigo 250 kwa dakika si mchezo. Aliyezoea amapiano, inayokwenda chini ya nusu ya kasi hiyo, anaingia ghalani mwenu na mwili wake hauna pa kuanzia. Mama ntilie alikuwa anahitaji robo saa mkono ukiwa kwenye boksi, na yeye ni bingwa. Mgeni hana boksi. Ana simu. Akiiinua, mikono inapata kazi na haya zinapata pa kujificha. Wengine ni wakorofi kweli, sikatai. Lakini kabla hujawaita wote hivyo, jiulize kama kuna aliyewahi kuwaonyesha namna ya kuingia.

Na yule kijana anayeuliza "umenipata vizuri?" Amekuudhi, najua. Mimi nimemwonea huruma. Huenda klipu hiyo ndiyo barua yake ya kuombea kazi. Wapo vijana walioonekana kwa klipu ya namna hiyo wakaitwa kucheza kwenye video za wanamuziki. Ukipiga marufuku simu, binti wa cherehani anapata kinga, kijana huyu anapoteza dirisha. Sijui kama hilo ni kosa au ni bei inayostahili kulipwa. Ninachosema ni kwamba kuna mtu atailipa, na hana sauti kwenye ugomvi wenu wawili.

Kisha kuna klipu uliyoiweka mwenyewe. Umeitaja kwa sentensi moja ukapita haraka, lakini mimi nimesimama hapo. Walioifuata walikuja kuona kile ulichowaonyesha: watu wakicheza huku wakipigwa picha. Sikuhukumu, hata singeli isingefika ilikofika kama isingebebwa. Mwaka 2017 lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa biti za Sisso, studio ya singeli ya hapo hapo Mburahati, na dunia ikageuza shingo. Wewe mwenyewe ulilia Jinja kwa sababu wageni walikuwa wanacheza. Labda kinachokuuma leo kina jina lako ndani yake, na ndiyo maana kinauma zaidi ya kawaida.

Mtoto wa kaka yangu anaishi Berlin, Ujerumani, na anapenda kumbi za muziki kama huu wenu. Nilimpigia kabla sijakujibu. Akaniambia wenzetu wanahangaika na jambo hili hili. Mwaka 2010 pale London kundi la Boiler Room lilianza kurusha muziki wa DJ mtandaoni kwa kamera ndogo ya kompyuta, watu wamesimama nyuma ya DJ wakitazama kamera, na mtindo huo ukazunguka dunia nzima. Lakini pale Berlin kuna ukumbi wa Berghain, uliofunguliwa mwaka 2004 ndani ya kituo cha zamani cha kuzalisha umeme, ambako ukiingia mlangoni wanabandika stika kwenye kamera ya simu yako. Simu unabaki nayo. Picha hupigi. Akasema ukishajua hakuna anayekutazama kwa jicho la kioo, unacheza hata kama hujui.

Stika haina gharama kubwa, na imeacha simu mfukoni, jambo ambalo kwetu ni lazima. Binti anayerudi nyumbani saa kumi za usiku anaihitaji kuita bodaboda, kulipa kwa M-Pesa, kumwambia dada yake amfungulie mlango. Kwa hiyo kupokonya simu mlangoni nisingekushauri hata kidogo. Ila stika nayo ina hatari yake. Nani ataibandika? Kama ni baunsa anayesukuma watu vifua, mtakuwa mmeondoa kero moja mkaleta nyingine. Na siku mdhamini akija na wageni wake wenye kamera, je, nao mtawabandika? Sheria inayomhusu wa kiingilio pekee itawagombanisha kuliko kutokuwa na sheria.

Unasema aingie anayejulikana tu. Hilo nalo limewahi kufanyika na likazaa matunda. New York, kuanzia mwaka 1970, mtu aitwaye David Mancuso alikuwa anafanya muziki nyumbani kwake, pakaitwa The Loft, unaingia kwa mwaliko na pombe haiuzwi. Wapenzi wa muziki wa dansi wanapataja hadi leo. Lakini nikuulize, mwaliko wako utapita wapi? Kwenye grupu la WhatsApp? Mama ntilie yumo? Mlango wa wanaojulikana huwajua wanaofanana na mwenye mlango. Unaweza kujikuta na watu 80 safi kabisa, wote mafundi mitambo na maproducer wa umri wako, wamesimama wamekunja mikono wanasikiliza besi. Na kodi je?

Hapo ndipo nafika kwa rafiki yako, ambaye barua yako imempa mistari michache. Ana watoto wawili, na kodi imepanda. Mtu wa namna hiyo akisema "meza za VIP" huenda anasema "nina hofu". Mmeshakaa chini na daftari? Namaanisha daftari lenyewe, kalamu mkononi: ghala shilingi ngapi, jenereta, DJ na MC, walinzi, kinabaki nini kwa kila mmoja. Mkishajua usiku unahitaji watu wangapi ili usife, mtakuwa mnabishana juu ya namba, na namba haiwezi kumwambia mwenzake "umeniangusha". Huenda mkagundua 200 wanatosha. Huenda mkagundua hawatoshi, na hapo ombi lake litakuwa na uzito usioupenda. Ukiona meza haziepukiki, pigania mahali zinapokaa: zikiwa mbele ya spika zimekula uwanja wa kuchezea, zikiwa kule nyuma karibu na mlango zinawapa wapiga stori pa kupigia stori zao. Jukwaa mimi linanitisha kuliko meza. DJ akipanda juu, kila uso unageukia upande mmoja, na anayetazama juu anainua simu. Lakini wewe ndiye fundi, unajua kuliko mimi.

Kurudi kwenye guta ni njia pia. Sitakucheka, wala sitakuzuia. Ila ukienda kwa hasira, rafiki wa darasa la tatu utamwacha na deni na jukwaa, na mtaani utakuta simu zile zile. Ukienda kwa sababu umekaa ukaona moyo wako uko kule, hiyo ni safari nyingine kabisa, na inaweza hata kufanyika huku ule wa Jumamosi ukiendelea.

Umeniuliza kama ni wivu. Wivu upo kidogo, mwanangu, na si dhambi. Kitu ulichokilinda ukiwa umekaa juu ya sabufa usiku kucha hukikabidhi kirahisi. Lakini zaidi ya wivu naona msiba. Ulikuwa na mahali ambapo watu walikuwa hawatazamwi, na kwa watu wetu wengi, hasa mabinti, mahali hapo ni adimu. Pamebadilika mbele ya macho yako, tena watu wakikupongeza. Hujapata hata nafasi ya kulia.

Na haki ya kumpangia mtu? Aliyelipa amelipia kuingia. Hajalipia mwili wa anayecheza. Anayependa kupiga stori unaweza kumvumilia, au kumtafutia kona, maana anakukera masikio tu. Anayemrekodi binti kwa nyuma amemchukulia kitu. Wewe umewaweka wote kwenye kapu moja la "watu wabaya wa siku hizi", na nahofia ndiyo maana rafiki yako hakusikii: anadhani unalalamikia starehe, kumbe unalia juu ya binti.

Kuna jambo moja nimelirudia rudia kichwani. Umesema mama ntilie haji tena, na umeandika kana kwamba simu ndizo zilizomfukuza. Lakini kiingilio kimetoka 3,000 hadi 15,000. Kwake ni sahani ngapi za wali maharage? Au huenda magoti yanamsumbua. Au alikuja siku moja akakuta mtu kaegemea sabufa yake ya kushoto. Katika barua yote sijaona mahali uliposema umemuuliza.

Kesho mchana, kabla hujampigia rafiki yako, pita nyuma ya ghala. Agiza chakula, kaa kwenye benchi lake hadi wateja wapungue, umuulize. Kisha niandikie alichokujibu.

Shangazi yako